Kabla ya Kusafisha, Jenga: Mwongozo wa Chakula cha Mwanamke katika Tiba ya Kichina

Mwaka wangu wa kwanza Guangzhou, China, nilinunua chai ya kupunguza tumbo kwenye duka dogo karibu na Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi wa biashara hufikia. Muuzaji aliniambia inasafisha kila kitu: utumbo, damu, hadi kizazi. Kwa siku nane nilikuwa mtu wa chooni. Tumbo lilipungua kweli, ila nguvu nazo zikaondoka. Hedhi iliyofuata ilichelewa, ikaja kidogo na kwa maumivu nisiyoyazoea, na nyayo zangu zilikuwa baridi ilhali ilikuwa Julai, mwezi ambao Guangzhou inakutoa jasho ukiwa umekaa.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa miaka sitini na kitu, nilimwita Ayi. Ndivyo Wachina wanavyomwita kwa heshima mwanamke wa rika la mama zetu wadogo. Alikinusa kikombe changu, akaisoma karatasi ya nyuma ya boksi, akaimwaga ile chai kwenye sinki. Kisha akaniuliza asubuhi nimekula nini. Nilipomwambia sijala, nasafisha mwili, alishuka kwake akarudi na bakuli la uji wa mchele wenye tangawizi, akakaa kunitazama mpaka nikalimaliza.

Niliishi kule miaka sita, na mengi ya humu niliyaonja kwanza mezani kwake kabla sijayasoma. Ukiondoka na jambo moja tu, liwe hili: katika tiba ya Kichina kusafisha si hatua ya kwanza. Mwanamke anatoa damu kila mwezi, anabeba mimba, anazaa, ananyonyesha. Mwili unaotoa kiasi hicho hujengwa kwanza, ndipo uulizwe kama una kitu cha kutolewa. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usirukie ya tano, ile ya kusafisha, kwa sababu ndiyo iliyokuleta.

Hatua ya 1: Kapime

Chakula kina kazi yake na hospitali ina yake. Usianze uji wala supu yoyote kama tiba kabla hujamwona daktari, ikiwa una damu inayotoka katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa, damu iliyorudi baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima, hedhi inayolowesha pedi kila saa, maumivu yanayokulaza kitandani, uchafu wenye harufu mbaya pamoja na homa, au tumbo la chini linaloendelea kujaa. Kama kuna uwezekano wa mimba, jua kwanza kama ipo.

Omba pia kipimo cha wingi wa damu. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu hemoglobini yake ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, na mjamzito chini ya gramu 11 (10.5 katika miezi mitatu ya katikati). Nakuambia haya mapema kwa sababu neno "damu" lina maana mbili humu. Mganga wa Kichina akisema damu yako imepungua, anazungumzia pia usingizi mwepesi, nywele kukatika, macho makavu, kizunguzungu cha jioni, hedhi nyepesi. Unaweza kuwa na hayo yote huku kipimo cha maabara kiko sawa. Na kipimo kikiwa chini, tunda kavu haliwezi kubeba kazi ya vidonge vya madini ya chuma. Meza vidonge, na chakula kiwe msaada.

Dawa mseto ya malaria tunayomeza nyumbani ina kiini kilichotolewa kwenye mmea wa qinghao, unaotajwa katika vitabu vya kale vya Kichina. Ilibidi watu wautoe kiini hicho, wakipime, wajue dozi, na kazi hiyo ndiyo iliyompa mwanasayansi wa China, Tu Youyou, Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo kuheshimu mmea na kuheshimu kipimo ni mambo yanayokaa nyumba moja.

Hatua ya 2: Fungua daftari la mwezi mmoja

Zhang Jingyue, tabibu aliyeishi kati ya 1563 na 1640, aliacha shairi la maswali kumi ambayo mganga anapaswa kumuuliza mgonjwa: baridi na joto, jasho, kichwa na mwili, choo na mkojo, chakula, kifua, masikio, kiu, na kadhalika. Wanafunzi wa tiba ya Kichina hulikariri mpaka leo. Wewe jiulize mwenyewe kila jioni, kwa mistari mitatu tu.

Siku za hedhi andika rangi ya damu, wingi, kama ina mabonge, na maumivu yalikuja lini. Andika kama chupa ya maji ya moto juu ya tumbo inakupoza au inakuudhi. Siku nyingine andika choo, usingizi, hasira, matiti kujaa, miguu baridi au ya moto, na kama unatamani maji ya baridi au ya moto. Asubuhi, kabla ya mswaki, tazama ulimi kwenye mwanga wa dirishani.

Mwezi ukiisha, soma ulichoandika kama wanavyosoma wao. Maumivu yanayopoa kwa joto, damu nyeusi-nyeusi yenye mabonge, miguu baridi: hiyo ni baridi. Hedhi inayowahi, damu nyingi nyekundu iliyokoza, kiu, chunusi, ulimi mwekundu: joto. Hedhi nyepesi ya rangi hafifu, uso na ulimi uliopauka, moyo kwenda mbio usiku: upungufu wa damu. Mwili mzito, choo laini kinachonata, ute mwingi mweupe, ulimi mnene wenye alama za meno pembeni na utando mzito: unyevu. Matiti kuuma, tumbo kujaa gesi, machozi ya karibu na hasira wiki moja kabla: chi iliyokwama. Chi ndiyo nguvu inayosukuma kila kitu mwilini, na wanaamini ini ndilo linaloilainishia njia.

Wengi wetu tunajikuta katika makundi mawili. Mimi nilikuwa na upungufu wa damu pamoja na baridi, na nilikuwa nikijitibu kama mwenye joto na unyevu. Ndiyo maana ile chai iliniangusha kiasi kile.

Hatua ya 3: Pasha sufuria

Wachina wanalilinganisha tumbo na sufuria iliyo juu ya moto mdogo. Wengu, kwa lugha yao, ni jina la kazi nzima ya kugeuza chakula kuwa nguvu na damu, si kile kiungo kidogo cha ubavuni peke yake. Wengu ukiwa dhaifu, hata nyama ya bei ghali inageuka kuwa mzigo.

Aliyelishikilia jambo hili kuliko wote ni Li Dongyuan, aliyezaliwa mwaka 1180 na kufariki 1251. Mwaka 1232 Wamongolia waliuzingira mji wa Kaifeng, naye akashuhudia watu wakifa kwa wingi baada ya mzingiro. Waganga wenzake walikuwa wakiwapa dawa kali za kutoa ugonjwa nje. Yeye aliona watu waliochoka kwa njaa, hofu na kazi, ambao tumbo lao halikuwa na kitu cha kutoa. Kitabu chake juu ya wengu na tumbo, cha mwaka 1249, bado kinafundishwa. Kila nikiona dada anafunga kula siku saba kwa juisi ya limau ili "atoe sumu", huku analea na anafanya kazi mpaka usiku, namkumbuka Li Dongyuan.

Kwa majuma mawili usipunguze chakula wala usiongeze dawa. Badilisha namna ya kula tu. Kula kifungua kinywa cha moto kabla ya saa tatu asubuhi. Chakula kingi kiwe kimepikwa: mboga zitiwe chumvi na zipitishwe kwenye moto badala ya kachumbari kila siku. Kunywa maji ya uvuguvugu, na yale ya barafu uyaweke kando. Kula saa zile zile. Acha kijiko kabla hujashiba kabisa. Chai ya rangi na kahawa zisogeze mbali na mlo, kwa sababu (hili ni la sayansi ya lishe, na Ayi naye alikuwa akilisema kwa namna yake) huzuia mwili kuchukua madini ya chuma.

Uji wenyewe ni huu. Osha nusu kikombe cha mchele, tia vikombe vitano vya maji, chemsha, kisha punguza moto uwe mdogo kabisa, funika ukiacha mwanya. Koroga mara moja moja. Baada ya saa moja hivi punje zitapasuka na uji utakuwa laini. Dakika 20 za mwisho tia vipande vitatu vya tangawizi na kunazi kavu nyekundu tano zilizotolewa kokwa. Hizi ni jamaa wa kunazi zetu za Pwani, kubwa zaidi na tamu, na maduka ya Kichina huziuza kwa mfuko. Ukizikosa, tia malenge au kiazi kikuu kilichokatwa vipande vidogo. Kiazi kikuu, kwao shanyao, kina sifa kubwa ya kujenga wengu, na siku nilipogundua kwamba jamaa ya kile kiazi alichokuwa akichimba bibi yangu kinauzwa katika duka la dawa Guangzhou, nilimpigia simu mama usiku ule ule.

Hapa ndipo utakapohitaji kujua tabia za vyakula. Kila chakula kina tabia yake: moto, uvuguvugu, wastani, ubaridi kidogo, au baridi. Haihusiani na jiko. Choroko hata zikichemka zinahesabiwa kuwa za ubaridi, na tangawizi hata ikitoka kwenye friji ni ya joto. Mdalasini na pilipili manga ni za moto, kondoo pia. Kuku na tangawizi ni vuguvugu. Mchele, kiazi kikuu, ufuta mweusi na mayai ni vya wastani au karibu yake. Bata na mchicha vina ubaridi. Tikiti maji na kaa ni baridi hasa. Bibi zetu wa Pwani nao hugawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi, kwa hiyo halitakuwa jambo geni. Mwenye baridi asogee upande wa joto, mwenye joto asogee upande wa ubaridi, taratibu.

Hatua ya 4: Fuata majuma manne

Madaktari wa Nanjing, mji mkuu wa mkoa wa Jiangsu, ndio waliojulikana sana katika miongo ya karibuni kwa kutibu wanawake kwa kuugawa mzunguko katika vipindi na kubadili dawa kila kipindi. Jiangsu ndio mkoa uliotuma madaktari Zanzibar tangu mwaka 1964, kwa hiyo kuna mama zetu waliozalishwa na watu wa huko bila kujua habari hizi. Jikoni tunalichukua wazo lenyewe tu.

Siku za damu. Kazi ya siku hizi ni kuiacha damu itoke vizuri, bila kuizuia wala kuisukuma. Kula uji, supu nyepesi, mboga zilizopikwa. Epuka barafu, tikiti maji, maembe mabichi na vitu vikali vya siki, ambavyo kwao vinabana. Funika tumbo, vaa soksi, loweka miguu usiku kwenye maji ya moto kwa dakika 15. Kwa mwenye maumivu ya baridi: kata tangawizi gramu 15, chemsha katika vikombe viwili vya maji kwa dakika 15, tia sukari guru kijiko kimoja, kunywa ikiwa moto mara mbili kwa siku. Tangawizi imejaribiwa kisayansi kwa maumivu ya hedhi, na majaribio kadhaa yameonyesha inasaidia. Sukari guru ni kwa ladha na faraja zaidi, usiitegemee kama chanzo cha madini ya chuma, na mwenye kisukari aiache. Mwenye damu nyingi ya joto asinywe kinywaji hiki.

Juma baada ya damu. Hili ndilo juma la kujenga, na ndilo ninalokuomba usilipuuze. Mzizi wa danggui ndio malkia wa dawa za wanawake China: una harufu nzito kama ya figili-mwitu na asali iliyoungua, na ukishaizoea unaitamani. Uko katika mchanganyiko wa vitu vinne, danggui, shudihuang, baishao na chuanxiong, ambao kitabu cha dawa cha serikali wakati wa nasaba ya Song kiliuandika karibu miaka 900 iliyopita, na bado wanawake huuchemsha hedhi ikiisha. Huo mwachie mganga akupimie, kwa sababu shudihuang ni nzito na inamsumbua mwenye wengu dhaifu.

Cha jikoni ni supu ya kondoo ya Zhang Zhongjing, tabibu wa mwishoni mwa nasaba ya Han, zaidi ya miaka 1800 iliyopita. Yeye aliipendekeza kwa maumivu ya tumbo ya baridi na kwa mwanamke aliyejifungua anayeumwa tumbo. Viungo vyake vitatu hupatikana hata leo: nyama ya kondoo, tangawizi nyingi, danggui. Chukua nusu kilo ya kondoo (mbuzi anafaa), chemsha dakika tano kwa maji ya kwanza, mwaga, osha. Tia maji lita moja na nusu, tangawizi gramu 30 iliyopondwa, danggui gramu 10. Moto mdogo, saa mbili. Chumvi mwishoni. Kunywa bakuli moja kwa siku, siku mbili au tatu za juma hilo, kisha basi. Ukiona koo linawaka, chunusi, choo kigumu, acha: mwili wako hauko upande wa baridi.

Danggui haifai kabisa kwa mwenye mimba bila usimamizi, kwa mwenye hedhi nyingi, kwa mwenye kuharisha, na kwa anayemeza warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Hao na wakula mboga wana njia nyingine (anayemeza warfarini amuulize daktari kwanza kuhusu mboga za majani): kwa anayekula nyama, maini ya kuku mara moja kwa wiki (mjamzito ayaepuke kwa sababu ya wingi wa vitamini A), mayai, ufuta mweusi uliokaangwa kavu ukasagwa kijiko kimoja kwenye uji, mchicha na matembele yaliyopikwa. Ndiyo, matembele. Yapo masokoni Guangzhou, yanakaangwa na kitunguu saumu, na mchicha wetu upo pia, wakati mwingine wenye doa la zambarau katikati ya jani.

Katikati ya mwezi. Kula kama kawaida, tembea, lala mapema. Anayetafuta mtoto aandike daftarini siku ambazo ute unavutika kama ute wa yai.

Juma la kabla ya damu. Hapa tatizo kubwa ni chi iliyokwama. Punguza chumvi, kahawa na vya kukaanga. Maganda ya chenza yaliyokaushwa, chenpi, ndiyo dawa ya jikoni ya watu wa Guangdong, mkoa ulipo mji wa Guangzhou, na yale ya Xinhui yanasifika kuliko yote; huhifadhiwa miaka mitatu na zaidi kabla ya kuitwa jina hilo. Ukitengeneza ya kwako, sugua chenza kwa maji ya chumvi, menya, anika juani mpaka yakatike kwa sauti. Kipande cha ukubwa wa nusu kiganja kwenye kikombe cha maji ya moto, na ukipata matumba ya waridi makavu tia matano. Kunywa baada ya mlo. Harufu yake peke yake inafungua kifua.

Hatua ya 5: Sasa safisha, kwa upole

Umekula chakula cha moto majuma yasiyopungua manne, choo kimetulia, una nguvu. Ulimi bado una utando mzito na mwili ni mzito? Basi una unyevu, na unyevu unatolewa polepole.

Kwanza ondoa kinachouleta: soda, maziwa mengi yenye sukari, mikate mitamu, vya kukaanga, kula usiku. Juma zima la kuacha hivi linasafisha kuliko boksi lolote la chai. Kisha pika supu ambayo kila nyumba ya Guangdong huijua majira ya mvua. Chukua punje za yiyiren, zile nyeupe zenye mfuo katikati zinazofanana na shayiri, gramu 30, uzikaange kavu mpaka zinukie ili ubaridi wake upungue. Tia gramu 30 za kunde ndogo nyekundu za Kichina zilizolowekwa usiku, na kipande cha chenpi. Maji lita moja na nusu, saa moja na nusu. Kunywa maji yake na ule punje zake, mara tatu kwa wiki, majuma mawili. Mjamzito asitumie yiyiren. Mwenye joto na si unyevu apike choroko: kikombe nusu kwa lita moja ya maji, dakika 30, sukari kidogo sana, ale mchana wa jua kali. Mwenye baridi hana haja nayo.

Usafishaji hapa ni huo tu. Najua wengine mtasema kwamba China ilikuwa na waganga wa kutapisha na kuharisha, na ni kweli. Zhang Congzheng, aliyeishi kati ya 1156 na 1228, alisifika kwa kutoa jasho, kutapisha na kuharisha. Lakini alifanya hivyo kwa mgonjwa aliye mbele yake, kwa ugonjwa aliouona, na akaacha ulipotoka. Hakuuza boksi la siku 30 kwa kila apitaye.

Nyingi ya chai za kupunguza tumbo zina sanamaki au mzizi wa dahuang. Vyote viwili vinaendesha. Unachopoteza ni maji na potasiamu, mafuta yanabaki palepale, na utumbo ukizoea unaweza kugoma kufanya kazi wenyewe. Baadhi zimewahi kukutwa na sibutramini iliyofichwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo na mishipa ya damu. Na kuna kisa cha Brussels, ambacho natamani kila dada akijue. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake waliokuwa wakipunguza uzito kwenye kliniki moja huko walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mzizi mmoja ulibadilishwa na mwingine wenye jina la kukaribiana, fangji kwa guang fangji, na huo wa pili una asidi ya aristolokiki. Wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo, wengi wakahitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo, na baadaye baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Walikuwa wazima. Walitaka kupungua tu.

Na hii ya kusafisha kizazi. Lulu za mitishamba za kuingizwa ukeni, zinazouzwa kwa jina la Uchina kuanzia Kariakoo hadi kwenye simu zetu, zinatoa vipande vyeupe ambavyo muuzaji anaviita uchafu. Mara nyingi ni ute na ngozi laini iliyochubuliwa na dawa yenyewe. Uke una bakteria wake wema wanaoulinda, na kuuosha ndani kunahusishwa na maambukizi yanayoweza kupanda mpaka kwenye mirija. Usiingize chochote: si lulu, si mvuke, si maji ya limau. Osha nje kwa maji. Katika tiba ya Kichina ute mwingi mweupe ni habari ya wengu na unyevu, na unaanza kutibiwa kwenye sahani. Ukibadilika rangi, ukawasha au ukanuka, rudi hatua ya 1.

Hatua ya 6: Aliyejifungua, na aliyeacha hedhi

Mama mzazi wa Kichina hukaa ndani mwezi mmoja, analishwa, anafunikwa, hashiki maji ya baridi. Ukilelewa na arobaini ya Pwani, utajiona uko nyumbani: tangawizi, supu, kukandwa, mama mkwe mlangoni. Kaskazini wanampa uji wa punje ndogo za njano na sukari guru na mayai. Guangdong wanapika miguu ya nguruwe kwa tangawizi na siki nyeusi tamu; sisi tusiokula nguruwe tunatumia mayai na kuku kwenye mchuzi ule ule. Siku za mwanzo anza na uji na supu nyepesi, mafuta mazito na danggui visubiri mpaka damu ya uzazi ipungue na daktari akubali. Baadhi ya desturi za zamani usizichukue. Oga kwa maji ya moto, fungua dirisha, nyanyuka utembee kidogo kila siku, kwa maana kulala bila kusogea baada ya kuzaa kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

Kwa upande wa ukomo wa hedhi, kitabu cha kale cha Mfalme wa Njano kinahesabu maisha ya mwanamke kwa saba: saba meno yanabadilika, 14 hedhi inakuja, 28 mwili uko kileleni, 35 uso unaanza kupauka, 49 hedhi inakoma. Sun Simiao, aliyefariki mwaka 682, aliweka tiba za wanawake mbele katika kitabu chake kikubwa, na akafundisha kwamba mganga ajaribu chakula kwanza, kikishindwa ndipo dawa. Mwenye joto la ghafla usiku apunguze tangawizi, pilipili na kondoo, na supu ya danggui aiache. Kwake yeye ni ufuta mweusi, mayai, samaki, maharage ya soya, maua ya krisanthemu na matunda mekundu ya gouqi kwenye kikombe cha jioni (anayemeza warfarini asiguse gouqi).

Hatua ya 7: Ukienda kununua

Peleka majina yaliyoandikwa kwa herufi za Kichina, maana jina la kutamka tu ndilo lililowaponza wanawake wa Brussels. Nunua mzizi mzima unaoweza kuuona na kuunusa, achana na unga na vidonge visivyo na orodha ya viungo. Danggui nzuri ina ndani ya manjano hafifu na harufu kali. Ikinuka kama moshi wa salfa, rudisha. Tumia mzizi mmoja kwa wakati mmoja, ili likitokea tatizo ujue limetoka wapi. Mwenye shinikizo la damu aulizie urukususu, ambao Wachina huuita gancao na kuutia karibu kila mchanganyiko: ukitumika sana unapandisha shinikizo na kushusha potasiamu. Heshouwu, inayouzwa kwa ajili ya nywele, imewaharibu watu ini. Na daktari wako wa hospitali mwambie kila unachokunywa, hata kama atakunja uso.

Waganga wa kule hupenda kuona hedhi tatu kabla ya kusema kitu kimefaa. Kwa hiyo hedhi ya tatu ikipita, kaa na daftari lako, fungua ukurasa wa mwezi wa kwanza na wa tatu kando kwa kando, linganisha rangi, siku, maumivu, ulimi, usingizi. Kilichobadilika kuwa chema, endelea nacho kwa chakula peke yake bila mizizi. Ambacho hakijasogea, kiandike kwenye karatasi moja na uende nayo kwa daktari.